Kuchekesha bila Kucheka

Sauti ya Mark Twain haipo popote. Vyombo vya kuinasa vilikuwapo: mwaka 1891, baridi yabisi ilipomshika mkono wa kuume, aliisomea mashine ya Edison sehemu ya riwaya yake The American Claimant. Akachoshwa nayo, akaacha, na silinda zile za nta hazikusalia.

Mimi niliyekula mkate wa redio hasara hiyo inaniuma, maana ucheshi wa Wamarekani wa karne ya 19 uliishi jukwaani kama ulivyoishi gazetini. Mchekeshaji Artemus Ward alijaza kumbi kwa uso wa msiba: watu wanavunjika mbavu, yeye anashangaa kuna nini. Twain alikutana naye Virginia City, Nevada, mwaka 1863. Katika insha yake ya 1895, “How to Tell a Story”, akaeleza ufundi wenyewe: msimulizi ajifanye hajui kuwa anachekesha, na ajue pa kutua. Kutua kukizidi au kukipungua, mzaha umekwisha.

Leo maandishi ya wacheshi hao tunayasikia kwa sauti za wengine. Mwaka 2005, Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox: watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na rekodi zinatolewa bure. Wakaanza na The Secret Agent, riwaya ya Joseph Conrad. Wacheshi wakaingia baadaye, Twain akiwa miongoni mwao. Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1923. Of All Things cha mcheshi Robert Benchley, cha 1921, kiliponea hapo. Wengine walisubiri hadi Januari 2019, sheria ilipoanza tena kufungulia vitabu mwaka baada ya mwaka.

Kila rekodi husikilizwa na mtu wa pili, anayetafuta neno lililorukwa au kelele za jirani. Lafudhi na namna ya kusoma haviguswi, kwa hiyo utakutana na kila aina ya msomaji. Wapo wanaoanza kutabasamu sentensi nzima kabla ya mzaha, nawe unausikia ukija. Wapo pia waliohariri kimya chote, wakafuta na pale pa kutua.

Ningeambiwa nichague wa kumsomea Benchley, ningemwita msomaji wa matangazo ya vifo. Huyo amezoea kutaja ukoo mzima, shangazi kwa shangazi, bila sauti kutikisika.