Mwegemeo wa Kisiasa na Usadikifu wa Riwaya ya Kijasusi: Willy Gamba na Historia ya Ukombozi

Riwaya ya kijasusi mara nyingi hushutumiwa kuwa haisadikiki kwa sababu inaegemea upande mmoja. Hoja hiyo haitoshi kuieleza Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, ambamo Willy Gamba anazisaka hadi Nairobi nyaraka za siri za wapigania uhuru. Mwegemeo wake hauna kificho. Hata hivyo, msomaji wa wakati ule hakuhitaji kubembelezwa ili asadiki. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. (Mondlane alipata kuwa mhadhiri wa chuo kikuu, sidhani mtunzi angethubutu kubuni silaha ya kejeli kiasi hicho.) Historia yenyewe iliidhamini riwaya.

Usadikifu hulegea panapohusu usaliti. Kibaraka wa riwaya za aina hii kwa kawaida hununuliwa kwa fedha, basi. Lakini Amílcar Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973 na watu wa chama chake mwenyewe, PAIGC, ambamo uhasama kati ya watu wa Guinea na wa Cape Verde ulikuwa umekomaa. Mondlane naye alikufa FRELIMO ikiwa imegawanyika vibaya. Kwa hiyo mwegemeo haukupotosha sana sura ya adui. Ulichofuta ni ugomvi wa marafiki, nao ndio mlango ambao majasusi wa Ureno waliupitia kwa urahisi.

Washauri wa sera wana sababu ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 1909 William Le Queux alichapisha Uingereza Spies of the Kaiser, riwaya iliyojaa chuki dhidi ya Wajerumani. Wasomaji walimwandikia wakiripoti wageni waliowashuku, na taarifa za namna hiyo zikafikishwa mbele ya kamati ya serikali kama ushahidi. Mwaka huohuo idara ya ujasusi ikaundwa. Riwaya ile ilisadikiwa kwa sababu ya mwegemeo wake, na waliohojiwa na majirani zao walikuwa watu halisi.