Pwani Yetu ya Kaskazini: Mawe, Maji na Waliopita Hapo

Kila mwaka kijitabu hiki cha mchango hutenga kurasa chache kwa historia ya nyumbani. Safari hii tumeamua kuandika juu ya pwani yenyewe, kutoka Hahaya hadi Ivoini, na sababu ni mbili. Watoto wetu waliozaliwa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, wakienda Ngazidja siku hizi, wengi huenda kwa harusi. Hushuka uwanja wa ndege, hupelekwa kwenye shughuli, hupiga picha ufukweni, wakarudi. Wameiona pwani lakini hawakusimuliwa. Sababu ya pili ni kwamba mchango wa mwaka huu ni wa birika, na habari ya birika haieleweki mpaka mtu ayaelewe kwanza mawe.

Basi tuanze na mawe. Ngazidja ni kisiwa kilichotapikwa na moto kutoka chini ya bahari. Kusini umesimama Karthala, mita 2,361, mlima ambao bado uko hai. Mwaka 1977 moto wake uliifunika Singani, na watu wa mji ule wakalazimika kuanza upya juu ya mawe yaliyokuwa majumba yao. Kaskazini kwetu tuna La Grille, mita 1,087, mkongwe na mpole zaidi, ambaye ubavu wake umejaa vilima vya mviringo. Kila kilima kilikuwa mdomo wa moto siku zake. Wazee wetu walilima migomba na mihogo juu ya midomo hiyo bila wasiwasi wowote.

Mvua kwetu hainyimi. Tatizo ni kwamba lava ina matundu kama chekecheke, na maji yanayoanguka huzama papo hapo. Ndugu zetu wa Nzwani na Mwali wana mito. Ngazidja, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, haina hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji yakishazama hukutana chini kwa chini na maji ya bahari, ndiyo maana visima vya pwani hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa, na vingi vina ladha ya chumvi. Kwa hiyo watu wa kisiwa hiki walijifunza kuyakamata maji kabla hayajagusa ardhi. Yalikingwa kwenye paa, yakaongozwa kwenye birika, na birika likawa nguzo ya nyumba na ya msikiti. Tukisema mji fulani ni wa zamani, tuna haki ya kuuliza: birika lake liko wapi?

Ukielewa hilo, utalitazama kwa jicho jingine ziwa lililo karibu na Bangoi-Kouni. Wafaransa waliliita Lac Salé, ziwa la chumvi. Wenyeji wanalijua kwa jina la Niamawi. Ni shimo la mlipuko wa volkano, limekaa hatua chache tu kutoka baharini, lenye kingo zilizosimama wima na maji ambayo rangi yake hubadilika kadiri jua linavyosogea. Simulizi yake wengi wetu tuliisikia kwa bibi zetu. Palikuwa na mji mahali hapo. Akaja mgeni mwenye kiu, akaomba maji, akanyimwa, na mji ukadidimia na watu wake. Masimulizi ya miji iliyozama yako kila mahali duniani, lakini hili la kwetu limefinyangwa na kisiwa chetu hasa. Waliomnyima mtu maji walizamishwa katika maji mengi yasiyonyweka. Mahali penye mto, hadithi hiyo isingekuwa na makali yale.

Mbele kidogo, Ivoini, ardhi inajitupa baharini kwa safu ya majabali yaliyochongoka, ambayo wageni wanayaita Mgongo wa Joka. Ni mabaki ya kazi ya volkano, yaliyolika kwa mawimbi yakabakia mifupa. Tunawashauri vijana wapande asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu upande mmoja utaona bahari tupu inayoelekea Afrika na upande wa pili utaona La Grille na vilima vyake vyote. Ramani ya somo la jiografia haifundishi kama hapo.

Karibu na Mitsamiouli iko ghuba ndogo iliyokumbatiwa na mwamba, ambayo watalii huoneshwa kwa jina la Shimo la Mtume. Wako wanaolihusisha jina hilo na Mtume mwenyewe, na wako wanaosimulia maharamia waliojificha humo. Kwa maoni yetu, umuhimu wa ghuba hii kwa mvuvi hauhitaji hadithi. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni jiwe jeusi linaloshuka wima baharini, na pahala ambapo chombo kidogo kinaweza kuingia bila kupasuka ni hazina. Lakini penye mlango wa rafiki pana mlango wa adui pia. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi kutoka Bukini walikuja kwa mitumbwi yao mikubwa kuteka watu na kuwauza utumwani. Kuta za Ntsoudjini zinazoonekana hadi leo ni ushahidi wa namna miji ilivyojifungia. Kule Iconi, kusini ya Moroni, bado husimuliwa wanawake waliojitupa kutoka juu ya jabali kuliko kuchukuliwa. Mawe yaleyale ya moto ndiyo yaliyokuwa ngome, na ndiyo yaliyokuwa kaburi.

Na mawe hayaishii ukingoni mwa maji. Yanaendelea kushuka, na ndani yake mna mapango ambamo anaishi gombessa, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Domoni, Nzwani, Desemba 1952, na dunia nzima ikashangaa. Wavuvi wetu hawakushangaa, maana walikuwa wakimjua, na walimjua kuwa ni samaki wa mafuta asiye na faida mezani. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa chombo cha kuzamia kwenye pwani ya Ngazidja akampiga picha akiwa hai kwenye maji yake. Ndugu zetu wa Tanga wanamjua pia, kwani tangu 2003 amekuwa akinaswa kwenye nyavu za huko.

Bahari hii imetupa majina ya kujivunia, na imetupa misiba. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia maji ya Galawa, mbele ya macho ya watu. Ndani walikuwamo 175, walikufa 125. Waliookolewa walitolewa na wenyeji na wageni wa hoteli waliokimbilia majini na vyombo vyovyote walivyovikuta. Usiku wa kuamkia 30 Juni 2009 ndege iliyotoka Sanaa ikaanguka kaskazini ya kisiwa na watu 153, wengi wao Wakomoro wa Ufaransa waliokuwa wakirudi nyumbani. Alipona binti mmoja tu, aliyeshikilia kipande cha ndege usiku kucha. Siku chache baadaye mkondo ulifikisha miili na mabaki Mafia. Ni njia ileile ya bahari ambayo babu zetu waliifuata na kusi, wakielekea Unguja na bara. Watu wa Mafia waliopokea maiti zile hawakuwa wageni kwetu.

Sasa turudi kwenye birika. Mwaka 2005 Karthala ulitoa majivu mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yaliingia kwenye mabirika ya maelfu ya watu kisiwani. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wana kiu. Tangu hapo kila fundi mwenye akili anajua kwamba birika lisilo na mfuniko ni nusu birika, na kwamba mfereji wa paa unahitaji pahala pa kumwaga maji ya kwanza.

Kuna jambo la mchanga pia. Fukwe zetu nyeupe ni chache, na mchanga wake ni matumbawe yaliyosagwa na mawimbi kwa muda mrefu sana. Nyumba za saruji ziliposhamiri, mchanga huo ulichotwa kwa magunia na kwa malori, na pahala pengine palipokuwa na ufukwe leo pana mwamba mtupu na bahari inagonga mizizi ya minazi. Kamati imeamua kwamba birika letu lisichukue hata karai moja kutoka ufukweni. Litajengwa kwa mchanga wa lava iliyosagwa kwa mashine, ambao ni ghali zaidi na ni mweusi. Tunajua wapo watakaolalamikia bei. Tunawaomba wasimame kwanza Mitsamiouli maji yakiwa yamejaa, waangalie kilichobaki.

Birika la sasa nyuma ya msikiti lina nyufa pande mbili, na mfuniko wake ulianguka. Linahitaji kusafishwa, kupigwa plasta mpya, kufunikwa kwa zege na kuunganishwa na paa la skuli. Fomu ya mchango iko ukurasa wa nyuma. Mwenye picha ya zamani inayoonyesha birika hilo likiwa zima, au anayekumbuka nani walilijenga na kwa zamu zipi maji yaligawiwa wakati wa ukame, tunamwomba aje nayo siku ya mkutano.