Filamenti ya Nyuzi Mfululizo

Mwanzoni mwa mwaka 2014, kampuni changa ya Marekani iitwayo Markforged ilionyesha mashine yake ya kwanza, Mark One. Kwa umbo ilifanana na printa nyingine za 3D za mezani. Tofauti ilikuwa kwenye midomo yake miwili: mmoja ulimimina nailoni, wa pili ulilaza uzi mwembamba uliobeba nyuzi za kaboni zisizokatika tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Jina kamili la uzi huo kwa Kiswahili linaweza kuwa filamenti mseto ya themoplastiki yenye nyuzi mfululizo.

Jina ni refu, lakini kila neno lina kazi yake. Filamenti ni uzi wa plastiki unaolisha printa. Wanaochapa vitu vya 3D wamekwisha kulizoea neno hilo, na hakuna haja ya kuwatafutia jingine. Themoplastiki ni plastiki inayolainika ikipashwa moto na kuganda ikipoa, tena na tena, kama nailoni. Epoksi haimo katika kundi hili, kwa sababu ikishakauka hairudi kuwa majimaji. Mseto ni neno tulilo nalo tayari katika kilimo na katika siasa: vitu tofauti vinashirikiana, kila kimoja kikibaki na tabia yake. Kaboni inabeba mzigo. Plastiki inazishikanisha nyuzi na kuzikinga.

Shida iko kwenye neno la mwisho. Mfasiri mwenye haraka ataandika “nyuzi endelevu”, na kisarufi hatakuwa amekosea. Ila neno endelevu limekwisha kuchukuliwa na wanamazingira, na msomaji wa leo ataelewa kwamba nyuzi hizo haziharibu dunia. Sivyo. Nyuzi nyingi za kaboni zinatokana na kemikali za petroli, zilizochomwa pasipo hewa kwa joto linalozidi sentigredi 1,000. Mfululizo ndilo neno linalofaa: siku tatu mfululizo ni siku zisizo na pengo katikati, na nyuzi hizi hazina pengo.

Sifa hiyo si pambo. Zipo filamenti za kaboni za bei nafuu ambazo ndani yake mna vipande vifupi tu, visivyofika hata milimita moja. Fundi hawezi kukata nondo vipande vya urefu wa kidole, akavimwaga kwenye zege la boriti, akategemea boriti ibebe ghorofa. Kipande kifupi kikivutwa huchomoka kwenye plastiki kabla hakijatoa nguvu zake zote. Uzi mrefu hauna pa kuchomokea. Hubeba mzigo kutoka ncha hadi ncha.

Kuitengeneza filamenti yenyewe ni kazi ya subira. Mwanzo ni kitita cha nyuzi kilichozungushwa kwenye bobini. Kitita kidogo cha kaboni kina nyuzi 1,000, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban mikromita 7. Plastiki inatakiwa iingie katikati ya hizo zote. Epoksi mbichi hupenya bila taabu kwa kuwa ni nyepesi, lakini nailoni iliyoyeyuka ina mnato mkubwa kuliko epoksi kwa mamia au hata maelfu ya mara. Ikiachwa hivi hivi itakipaka kitita kwa nje tu, na kiini chake kitabaki kikavu.

Dawa yake inatokana na kanuni ya Mfaransa Henry Darcy, aliyechapisha mwaka 1856 uchunguzi wake wa maji yanavyopita kwenye mchanga huko Dijon. Kwa kanuni hiyo, umbali wa kupenya ukipungua nusu, muda unaohitajika unashuka hadi robo. Kwa hiyo kabla ya lolote kitita hutandazwa. Kinapitishwa juu na chini ya pini za chuma zenye moto mpaka kiwe utepe mwembamba, kisha kinaingia kwenye chumba ambamo plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwa shinikizo. Mbele yake kuna tundu la duara linalokirudishia umbo la uzi na kukamua plastiki ya ziada. Halafu kinapozwa, kinavutwa na kuviringishwa kwenye roli. Mvuto ukizidi, nyuzi zinakatika na manyoya yake yanaziba tundu. Mvuto ukipungua, kitita hakitandazwi vizuri. Kipande cha filamenti kikikatwa, kikasuguliwa na kuwekwa chini ya hadubini, makosa yote huonekana: vidoti vya nyuzi, na kati yake mashimo meusi ambako plastiki haikufika.

Kuna sharti jingine ambalo watu wengi hulisahau. Filamenti ya kawaida ina kipenyo cha milimita 1.75, na hutoka kwenye mdomo wa milimita 0.4 ikiwa imerefuka mara nyingi. Kaboni hairefuki hivyo: mita moja ikiingia, mita moja ndiyo itakayotoka. Ndiyo maana filamenti ya nyuzi mfululizo hutengenezwa ikiwa nyembamba tangu kiwandani, chini ya nusu milimita, na printa yake lazima iwe na kisu, kwani nyuzi zisizokatika haziwezi kusimama zenyewe mwisho wa mstari.

Watafiti wa Japani, wakiongozwa na Ryosuke Matsuzaki, walijaribu njia nyingine. Katika makala yao ya mwaka 2016 walieleza jinsi nyuzi kavu na plastiki ya PLA zilivyokutanishwa ndani ya mdomo wa printa. Ukakamavu wa kipande chenye kaboni ulifikia karibu mara sita ya PLA tupu, na nguvu ya kuhimili mvuto zaidi ya mara nne. Walijaribu pia uzi wa juti. Nao uliongeza nguvu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko kaboni.

Jaribio hilo la juti linawahusu moja kwa moja wakulima wa mkonge wa Tanga. Nyuzi za mimea, juti na mkonge zikiwemo, huanza kuharibika karibu na sentigredi 200, kwa hiyo PLA, inayoyeyuka chini ya hapo, inazifaa kuliko aina nyingi za nailoni. Lakini unyuzi wa mkonge una urefu wa kama mita moja tu. Ili uwe mfululizo ni lazima usokotwe, na hapo msokotaji anavutwa pande mbili: akikaza sana, plastiki haipenyi ndani ya uzi, akilegeza sana, uzi unaachana kabla haujaufikia mdomo wa printa.