Ndoa na Viza Iliyokwisha: Historia ya Ukaazi wa Kudumu kwa Wageni Waliopitiliza Muda Nchini Marekani, 1952–2012

Insha hii inachunguza namna sheria ya Marekani ilivyomshughulikia mgeni aliyeingia kwa viza, akapitiliza muda aliopewa, kisha akafunga ndoa na raia na kuomba ukaazi wa kudumu. Hoja kuu ni kwamba kuanzia 1960 sheria ilipima zaidi namna mgeni alivyoingia kuliko muda aliokaa. Na kwamba sheria ya 1996 iliufanya msamaha huo kuwa wa yule tu asiyetoka nchini.

Kabla ya 1952, aliyetaka ukaazi alilazimika kwa kawaida kutoka na kuomba viza ya uhamiaji ubalozini. Kuanzia 1935, baadhi ya wageni walichunguzwa kwanza ndani ya Marekani, kisha wakavuka hadi Kanada kuchukua viza na kurejea. Kifungu cha 245 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 kiliondoa ulazima wa safari hiyo, lakini kwa yule aliyekuwa angali akitimiza masharti ya viza yake. Marekebisho yaliyofuata, hasa ya 1960, yaliweka kipimo kingine: mwombaji awe amekaguliwa na kuruhusiwa kuingia. Kwa maneno mengine, sheria iliuliza kama mgeni alipiga hodi na kukaribishwa. Aliyevuka mpaka kwa siri hakuwa na jibu, hata kama ndoa yake ilikuwa ya kweli.

Baadaye Bunge lilikaza masharti. Mwaka 1976 lilimnyima nafasi hiyo aliyefanya kazi bila kibali, na mwaka 1986 likamwongeza aliyepitiliza muda. Hata hivyo, mara zote mbili mwenzi wa raia aliachwa nje ya katazo. Mwenzi wa mkaazi wa kudumu hakupewa nafuu hiyo.

Nafuu ilizaa shaka. Mnamo Novemba 1986, siku 4 tu baada ya sheria iliyotangulia kutiwa saini, ilipitishwa sheria dhidi ya ndoa za hila. Wanandoa ambao ndoa yao haikuwa imetimiza miaka 2 walipewa ukaazi wa masharti, nao wakatakiwa kuomba pamoja masharti hayo yaondolewe. Athari yake ilikuwa kumweka mgeni chini ya hiari ya mwenzi wake. Ndiyo maana mwaka 1990 Bunge lilimruhusu aliyepigwa au kuteswa na mwenzi wake kuomba peke yake.

Badiliko zito zaidi lilikuja na sheria ya Septemba 1996. Aliyekaa bila uhalali zaidi ya siku 180, kisha akatoka, alizuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka mmoja, miaka 10. Msamaha ulipatikana kwa kuthibitisha kwamba mwenzi au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu angepata dhiki kubwa mno. Ikumbukwe kwamba adhabu hii huanza mtu anapotoka. Mume aliyebaki nyumbani kwa mkewe angeweza kupata ukaazi bila kuguswa nayo. Akisafiri kumzika mama yake kabla ya ombi kukubaliwa, alijifungia mlango. Hata aliyepewa kibali cha kusafiri na kurejea alikuwa hatarini, mpaka Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilipoamua mwaka 2012 kwamba safari ya kibali hicho haihesabiki kuwa kutoka kunakoleta katazo la miaka 10.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonesha kwamba ndoa haikufuta kosa la kupitiliza muda kwa nguvu yake yenyewe. Ilifanya hivyo ikisaidiwa na muhuri wa siku ya kuingia, na kwa sharti la kutulia mahali pamoja. Sheria iliyokusudiwa kuwaondoa waliopitiliza muda iliwapa sababu ya kutothubutu kuondoka, na gharama yake ililipwa pia na wazazi waliozikwa bila watoto wao kuwapo.