Wosia wa Baba, Shamba la Ukoo

Katika sharika zetu tunajua kuzika. Michango hupatikana, kwaya huja, chakula hakipungui. Lakini kumwuliza mzee aliye hai kama ameandika wosia, hapo tunaona kama tunamtakia kifo. Basi nikumbushe kesi iliyoanzia Muleba, mkoani Kagera.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Akazeeka, wala hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, tena kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake, naam, kesho yake tu, ndugu wa ukoo aitwaye Bernardo Ephrahim alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yatenguliwe.

Ndugu huyo hakuzua jambo. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi, mama akaamriwa arudishe fedha. Baba alikuwa amefanya sehemu yake, na bado haikutosha.

Tusiharakishe kuulaumu ukoo. Kwa Wahaya kibanja si udongo tu. Ni migomba, ni kahawa, ni makaburi ya wazee. Binti akiolewa kwingine, shamba litakwenda na nani? Hofu hiyo Biblia inaijua. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kwa kuwa baba yao alikufa bila mwana wa kiume. Musa hakuwajibu kwa mazoea. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, akaambiwa wamesema haki. Wahubiri wengi huishia hapo. Ukifika sura ya 36, wazee wa jamaa yao nao wanakuja na hofu yao, nao wanasikilizwa: binti waolewe na yeyote wampendaye, ila ndani ya kabila la baba yao. Urithi hawakunyang'anywa.

Huko Muleba, Mahakama ya Wilaya iligeuza hukumu ya kwanza, kwa kuwa Haki za Binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ndugu akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaitupa rufaa hiyo: mila inayomzuia mwanamke kuuza pale mwanamume anaporuhusiwa ni ya ubaguzi, na Ibara ya 13 inakataza. Ukoo nao haukuachwa mikono mitupu. Ukilitaka shamba, ulikomboe kwa shilingi zilezile 300,000 ndani ya miezi sita.

Mimi huwa najiuliza jambo ambalo si la kisheria. Ukoo uliofika mahakamani siku moja baada ya shamba kuuzwa, ulikuwa wapi miaka yote mama huyu alipokuwa hana wa kumtunza?

Wala hukumu hiyo haikumaliza mambo. Mwaka 2006 wajane wawili kutoka Shinyanga walipopinga mila inayowanyima urithi, Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, lakini haikuifuta. Kwa hiyo wosia ungali na kazi kubwa, na si lazima uwe wa gharama. Sheria zilezile za 1963 zinakubali hata wosia wa mdomo, mradi uwe na mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, na wawili watu baki. Mzee wa kanisa asiye wa damu yako anafaa kuwa mmoja wa hao watu baki.