UZI: Je, reli ni lazima ijilipie? Kisa cha reli ya bara kule Uswidi

Kila msimu wa siasa swali hili linarudi: reli ikila hasara, ifungwe ama iendelee? Mmoja anasimama jukwaani anasema mlipa ushuru amechoka. Mwingine anajibu kwamba barabara pia hazijilipii, mbona hizo hatuzifungi? Halafu sisi huku mtandaoni tunarushiana maneno mpaka usiku wa manane. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tuangalie watu wengine waliobishana hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Reli yenyewe inaitwa Inlandsbanan. Kwa lugha yao ni kama kusema "reli ya bara", yaani si ya pwani. Ilitoka Kristinehamn, mji ulio kando ya ziwa Vänern, ikapanda kaskazini hadi Gällivare, juu ya Duara la Aktiki. Kilomita kama 1,300. SGR yetu kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni 472, sasa piga hesabu mwenyewe. Na sehemu kubwa ya njia ni msitu, vinamasi na miji midogo iliyo mbalimbali.

Swali la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: nani huyo alifikiria kujenga reli mahali hakuna watu?

Tuwape haki yao. Kufikia 1894 serikali ya Uswidi ilikuwa tayari na njia kuu ya kaskazini iliyofika Boden. Shida ni kwamba ng'ambo ya bahari kulikuwa na Ufini, na Ufini wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wanajeshi walitaka reli iliyo ndani kabisa, mbali na pwani, ambayo adui hawezi kuikata kwa urahisi. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni msitu: magogo mengi yasiyo na njia ya kufika sokoni isipokuwa mtoni. Na ya mwisho, ambayo naona ndiyo iliyogusa watu zaidi, ni uhamaji. Zaidi ya Waswidi milioni moja walienda Marekani kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1920. Vijana walikuwa wanaondoka. Hoja ilikuwa: wapeni watu wa kaskazini reli, kazi na shamba, watabaki nyumbani.

Angalia vizuri hizo sababu. Ulinzi, msitu, watu wasihame. Hakuna hata moja ambayo faida yake ingeonekana kwa pesa za tiketi. Shika hapo, tutarudi.

1907 bunge likapitisha kipande cha kwanza cha kaskazini, kutoka Östersund hadi Ulriksfors, na 1908 kazi ikaanza. Nasema kipande kwa sababu hivyo ndivyo ilivyojengwa. Leo kinapitishwa kipande hiki, miaka kadhaa baadaye kingine, kila mara mjadala mpya na bajeti mpya. Kule kusini njia ilitokana na reli zilizokuwa zimejengwa na kampuni binafsi. Vibarua waliofanya kazi ya kaskazini waliitwa rallare, wanaume waliofuata kazi kutoka kambi moja hadi nyingine wakiwa na sururu, koleo na baruti. Baridi kali msimu wa baridi, na kiangazi mbu wa kule si wa mchezo, mtu yeyote aliyefika Lapland atakwambia.

Kuna watu ambao mara nyingi wanasahaulika kwa hadithi hii. Wasami, wenyeji wa kaskazini, wafugaji wa wale kulungu wa nchi za baridi ambao sisi tunawajua kwa kadi za Krismasi. Reli ilipita katikati ya malisho yao. Theluji ikiwa nzito mnyama hupenda kutembea palipo wazi, na palipo wazi ni kwenye reli. Treni inawagonga. Hadi leo. Wafugaji wetu wa Kajiado na Makueni wanaweza kuelewa kesi hii bila kutafsiriwa.

Sasa, uzinduzi. Tarehe 6 Agosti 1937, huko Jokkmokk, mwana wa mfalme mwenyewe akiwa mgeni rasmi. Miaka 29 tangu kazi ianze! Reli ya Mombasa hadi ziwani ilijengwa 1896 hadi 1901, kwa hivyo si kwamba teknolojia haikuwepo. Ni siasa ya vipande.

Na hapa ndipo pana uchungu wa hadithi yote. Wakati bunge lilipokuwa likikata vipande, dunia haikusimama kungoja. Kuanzia 1923 mabasi ya posta yalikuwa yanabeba barua na abiria kaskazini humo humo. Malori yalikuwa yamefika. Reli iliyoahidiwa enzi za farasi ilikamilika enzi za injini ya petroli. Kuna mahali, kwenye mto Pite, walijenga daraja moja la kutumiwa na treni na magari. Walibana pesa, sawa, lakini mimi nikiliangalia kwa picha naona mshindani akiingizwa nyumbani na mwenye nyumba.

Haikuwa bure lakini. Ilibeba magogo, ikabeba vifaa vya mabwawa ya umeme yaliyojengwa kwenye mito ya kaskazini baada ya vita. Halafu kazi za msituni zikachukuliwa na mashine, watu wakaanza kuhamia miji ya kusini.

Sasa twende 1963, mwaka wa kuukumbuka. Bunge la Uswidi likapitisha sera mpya ya uchukuzi: kila aina ya usafiri ilipe gharama zake. Njia zenye hasara ambazo serikali inataka ziendelee, hazina ilipie wazi wazi, zingine zifungwe. Kwa karatasi ni jambo la busara. Mimi pia sipendi hasara iliyofichwa. Lakini kumbuka zile sababu za 1907. Reli ilijengwa kwa daftari moja, ikahukumiwa kwa daftari lingine. Hakuna aliyeandika safu ya "kijana aliyebaki nyumbani" kwa hesabu za 1963.

Njia nyingi ndogo Uswidi zikafungwa miaka hiyo. Inlandsbanan ikakatwa miguu: 1969 treni za abiria zikasimama kati ya Mora na Persberg. Kilichobaki kizima ni Mora hadi Gällivare, kilomita kama 1,050.

1988 wakaja na mageuzi ambayo nchi nyingi za Ulaya ziliiga baadaye. Shirika la reli likagawanywa: wa kutunza njia peke yake, wa kuendesha treni peke yake, kama vile serikali inavyomiliki barabara na wewe unamiliki matatu. Halafu njia za mikoani, jukumu la abiria likapelekwa kwa mamlaka za mikoa pamoja na pesa za fidia kutoka serikali kuu. Sisi tungeiita ugatuzi. Mikoa mingine ikachangamka: Jönköping ilitangaza zabuni, na 1990 kampuni ndogo ya binafsi ikaanza kuendesha treni zake badala ya shirika la taifa.

Inlandsbanan haikuingia vizuri kwenye kapu lolote. Ni ndefu mno kuwa ya mkoa mmoja na ina wasafiri wachache mno kuwa njia kuu ya taifa. Serikali ilitaka kujitoa kwa treni za abiria. Manispaa zilizo kando ya njia zikakataa ife. Zikaunda kampuni yao ya pamoja, na 1993 kampuni hiyo ikapewa haki ya kusimamia njia na usafiri. Mali bado ni ya serikali, na ruzuku ya matengenezo bado inatoka hazina kuu. Yaani kufunga hawakufunga, na kujilipia pia haijilipii.

Je, wakazi walipata treni yao? Nusu nusu. Kwa sehemu kubwa ya njia, treni ya abiria ni ya kiangazi, ya watalii, inasimama watu washuke wale chakula na wapige picha kwenye Duara la Aktiki. Mizigo ipo, hasa mbao. Lakini mama wa Sorsele mwenye miadi ya daktari mwezi wa Januari anapanda basi, kwenye barabara ya E45 inayofuatana na reli.

Na kama ulidhani mjadala umeisha: Uswidi ilijiunga na NATO Machi 2024. Miezi michache kabla ya hapo, mabehewa ya madini yaliacha njia kwenye reli ya chuma ya kaskazini na usafiri ukakwama kwa wiki kadhaa, kisha Februari ikatokea tena. Wanaotetea Inlandsbanan sasa wanasema nchi inahitaji njia ya pili, ndani kabisa, mbali na pwani. Ni hoja ile ile ya 1907, na kwenye kiti cha pili kuna mtu wa hazina anauliza ni nani atalipa mataruma mapya.