Mng'ao Ukififia, Je, Kilipuzi Kimegunduliwa?

Imezoeleka katika maandishi ya kemia ya vihisi kudai hivi: molekuli inayong'aa ikififia baada ya kutiwa asidi ya pikriki, ambayo ni kilipuzi chenye vikundi vya nitro, basi ni kihisi cha vilipuzi; na namba thabiti ya Stern–Volmer, inayopima jinsi mng'ao unavyozimwa, ikiwa kubwa, kihisi hicho ni bora. Makala hii inapinga dai hilo.

Nadharia yenyewe haina ubishi. Vikundi vya nitro vya vilipuzi kama TNT huvuta elektroni, hivyo molekuli iliyosisimuliwa huipa TNT elektroni badala ya kutoa mwanga. Mwaka 1998, Yang na Swager wa MIT walionyesha polima ambayo utando wake hupitisha mvuke wa TNT, na ambayo nishati husafiri kwenye mnyororo wake hadi molekuli moja ya kilipuzi ikazima mng'ao wa sehemu kubwa. Vifaa vya Fido vya kugundua vilipuzi vilitokana na kazi hiyo.

Ubishi uko kwenye asidi ya pikriki. Asidi hii ni ya manjano. Hufyonza sana mwanga wa nanomita 350 hadi 400, na hapo ndipo molekuli nyingi zinazopendekezwa husisimuliwa. Tuchukue kikasha cha sentimita 1 chenye asidi yenye ufyonzaji wa 0.6 kwenye mwanga wa kusisimua. Mwanga unaofika katikati ya kikasha ni 10 kwa kipeo cha −0.3, yaani nusu tu. Mng'ao utapungua kwa nusu hata kama molekuli ya asidi na ya kihisi hazikugusana kamwe. Anayekinga taa kwa kiganja hajaizima. Namba ya Stern–Volmer isiyosahihishwa kwa uchujaji huu wa mwanga hupima rangi ya asidi, si uwezo wa kihisi.

Wapo wanaojitetea kwamba muda wa uhai wa mng'ao haukubadilika, kwa hiyo uzimaji ni tuli, yaani molekuli hizo hushikamana kabla ya kusisimuliwa. Utetezi huo hautoshi, kwa kuwa uchujaji nao hauubadilishi muda huo. Wengine husema asidi ya pikriki ni kichafuzi cha maji kinachostahili kupimwa. Ni kweli; basi kihisi kiitwe cha asidi ya pikriki, si cha vilipuzi. Kilipuzi cha TATP hakina hata kikundi kimoja cha nitro, na mvuke wa kilipuzi kingine, RDX, katika joto la kawaida hupimwa kwa sehemu chache katika trilioni.

Huko Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini, hujaribiwa kwenye viwanja vyenye mabomu yaliyofukiwa kabla ya kupelekwa kazini. Molekuli ya maabara haistahili mtihani mwepesi kuliko huo.

Wahariri wa majarida wadai mambo matatu: masahihisho ya uchujaji, jaribio la mvuke, na jaribio mbele ya vumbi, mafuta na manukato. Makala isiyo na la kwanza irudishwe kwa mwandishi.